Vidoa vya kahawia kwenye gari la mwalimu

"Fundi, nimeambiwa gari langu linaoza."

Hakungoja hata nimalize kumwamkia. Ni mwalimu wa Mafinga, mama wa makamo, alifika gereji kwangu hapa Mbeya Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Loleza. Nikamwambia shikamoo, akajibu marahaba, akaongeza "kamwene" ya kwao, halafu akanishika mkono hadi kwenye mlango wa nyuma wa gari. Harrier, nyeupe ya lulu. Mlango mzima ulikuwa na vitone vya kahawia, vidogo kama mbegu za ulezi.

Fundi wa kwanza alimwambia rangi imekufa, ikwanguliwe yote mpaka bati, milioni mbili na nusu. Mwalimu aliitaja bei hiyo kwa sauti ya mtu aliyeipigia hesabu usiku kucha.

Huu ni mwaka wangu wa 14 nikipiga rangi magari, na jambo hili linaniuma. Doa huonekana kwa juu, lakini huwezi kulitibu kabla hujajua limekaa kwenye tabaka gani. Nyeupe ya kawaida unapiga rangi, unamalizia na klia, ile rangi angavu ya juu inayolinda, basi. Nyeupe ya lulu ina tabaka tatu: chini kabisa nyeupe yenyewe, juu yake tabaka jembamba la mika, kisha klia. Mika ni vigamba vya madini vilivyopakwa dioksidi ya titani. Mwanga ukivipiga, sehemu yake inarudi kutoka juu ya kigamba na sehemu inazama kidogo ndipo irudi. Miale hiyo miwili ikikutana ndiyo inayotoa ule mng'ao unaobadilika ukizunguka gari. Klia inayolinda yote hayo, ya kiwandani, kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 tu, na maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Karatasi ya fotokopi ina kama 100. Sasa mtu akija na msasa juu ya nusu ya karatasi, bila kujua anatafuta nini, anapita klia na kuingia kwenye mika, na hapo hakuna polishi itakayorudisha kitu. Mwaka 2016 nilifanya kosa hilo kwenye boneti ya mteja. Nililipiga upya kwa gharama yangu, na tangu siku ile sigusi msasa kabla ya kukagua.

Kwanza tuliliosha gari kwa sabuni na maji mengi, tukalikausha, tukalisogeza kivulini. Nikachukua karatasi ya nailoni ya kufungia mkate, nikavaa mkononi kama glavu, nikapitisha vidole taratibu juu ya mlango. Jaribu siku moja. Kiganja kitupu kinakudanganya, lakini ukivaa nailoni kila chembe inaongea. Kwenye paa mkono uliteleza. Kwenye milango ya nyuma, na zaidi nyuma ya magurudumu, nilisikia mkwaruzo kama wa chumvi. Maana yake kitu kimejichomeka ndani ya klia, kichwa kikabaki nje.

Nikawasha tochi, nikailaza karibu na bati ili mwanga upite ubavuni. Kila kitone kilikuwa na kiini cheusi katikati na duara la kutu pembeni. Hapo nikamuuliza, "Mwalimu, unashuka Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa kwenda Morogoro, mara nyingi?"

Akacheka kwa mshangao. Binti yake yuko Morogoro, huenda kila mwisho wa mwezi.

Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya foleni ya malori anaijua ile harufu ya breki zinazoungua. Diski na pedi zikisagana zinarusha chembe za chuma za moto. Nyingine zinatoka kwenye magurudumu yako mwenyewe, nyingine kwa lori lililo mbele. Zinatua kwenye klia, zinazama kidogo, halafu mvua za Mufindi zinaanza kuzitia kutu. Gari jeusi lingezificha, jeupe linazianika. Bati la mwalimu lilikuwa zima kabisa. Kilichokuwa kinaoza ni vumbi la breki.

Ninayo dawa ya kuyeyusha chuma, huwa naagiza Dar. Nikapulizia mlango mmoja. Baada ya dakika mbili hivi kila kitone kikaanza kutoa machozi ya zambarau, yanateremka kwenye rangi nyeupe kama wino. Inanuka mayai viza, lakini sijawahi kuichoka kuitazama. Ikigeuka zambarau, ni chuma, hakuna ubishi. Isipogeuka, tafuta sababu nyingine. Nikasuuza kabla haijakauka, nikarudia mara ya pili, kisha nikapitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi, umelainishwa kwa maji ya sabuni, kuvuta mabaki. Ungekwangua vitone hivyo kwa msasa ungekata vichwa tu. Mzizi ungebaki, na masika ijayo doa lingerudi pale pale, klia ikiwa imekonda.

Boneti ilikuwa na ugonjwa mwingine. Matone ya njano iliyokolea, mengine yamevimba, mengine yamesambaa kama mafuta. Mwalimu huegesha shuleni chini ya misonobari, na Mafinga misonobari haina mwisho, msitu wa Sao Hill wote huo. Nililiwekea tone moja kitambaa cha maji ya vuguvugu kwa dakika chache, likalainika na kunata. Utomvu. Unatoka kwa spiriti na kitambaa laini, kwa kukibandika juu ya tone na kukiinua, bila kusugua. Matatu kati ya hayo yaliacha alama zilizodidimia. Nikapitisha ukucha, haukukwama. Nikalowesha kwa maji, alama zikapotea. Zikipotea kwa maji, jeraha liko kwenye klia peke yake, na polishi laini inatosha. Ukucha ukikwama, hiyo ni habari nyingine.

Kisha madigadi ya mbele kushoto. Mwalimu mwenyewe hakuwa ameiona, na nilisita kumwonyesha kwa sababu alikuwa ameanza kutabasamu. Lakini mtu akikuletea gari umwambie yote. Nilimsimamisha kwenye kona ya taa, nikamwomba atembee polepole kuelekea mlangoni huku macho yakiwa kwenye bati. Akasimama katikati. "Kuna mawingu," akasema.

Kweli yalikuwepo, mabaka hafifu, hapa meupe, hapa ya kijivu, yanakuja na kuondoka kwa kila hatua. Kipimo cha unene wa rangi kilinipa maikroni 131 kwenye paa na 340 pale. Kwenye mpira wa kioo cha mlango kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi, mahali utepe wa gundi wa kuzibia rangi isisambae ulipoishia. Gari hilo liligongwa na kupigwa rangi kabla hajalinunua. Aliyepiga tabaka la mika hakuweka mkono sawa: sehemu moja alikaribia, nyingine alienda mbali, vigamba vikalala kwa fujo. Mabaka ya namna hiyo yanabadilika ukihama, na hayasikii polishi hata ukeshe.

Mafundi wengi wa huku wanayachanganya na maziwa ya unyevu, na kwa baridi yetu kosa hilo ni rahisi kulifanya. Ukipiga rangi asubuhi yenye ukungu, kwa tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, inayokauka haraka, tina ikiruka inapoza bati na umande unanaswa ndani ya rangi. Inabaki weupe wa maziwa. Tofauti yake ni kwamba maziwa hayo ni yale yale ukisimama popote, mbele au ubavuni. Kwa hiyo tembea. Usihukumu rangi ya lulu ukiwa umesimama mahali pamoja, na kamwe usiihukumu chini ya taa ya gereji. Mimi huvuta gari nje saa kumi alasiri, jua likiwa limelala.

Dawa ya madigadi ni kuipiga upya, mika na klia, na kufifisha rangi mpaka katikati ya mlango ili jicho lisione mpaka. Rangi yenyewe inajulikana, kibati ndani ya boneti kimeandikwa namba yake, 070. Lakini namba haitoshi. Lazima nipige kwanza vibati vya majaribio, kimoja mika mara mbili, kingine tatu, kingine nne, nivishike kando ya mlango juani nione kipi kinakubaliana nao. Nikamwambia mwalimu kazi hiyo siifanyi Julai. Tumekubaliana Septemba, hewa ikikauka.

Jioni alilipa ya usafi na polishi, hata laki mbili haikufika. Kabla ya kuondoka aliiomba ile karatasi ya mkate, akaivaa, akaupitisha mkono kwenye mlango wa nyuma, kutoka kitasani hadi chini kwenye gurudumu. Uliteleza wote. Akarudia upande wa pili, taratibu, kama anayekagua daftari la mwanafunzi, halafu akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba wake.