Mbegu chotara za shayiri zilizokuwa zikininyaukia

Misimu miwili nilichavusha shayiri ya kawaida kwa chavua ya jamaa yake wa mwituni, Hordeum bulbosum, nikitaka miche yenye kromosomu za shayiri pekee. Mbegu zilivimba siku chache, kisha zikasinyaa. Nililaumu mikono yangu (koleo langu butu nalo lilipata lawama zake). Kumbe baada ya utungisho kromosomu za bulbosum hutupwa seli zinapogawanyika, endospemu (akiba ya chakula ndani ya mbegu) hufa, na kiinitete hubaki na njaa.

Kwanza nilibadilisha mmea mama. Nilikuwa nikitumia Vada, aina yenye jeni inayoikataa chavua ya bulbosum. Pili, joto: chumba changu kilikuwa na baridi mno, na kwenye baridi kromosomu za bulbosum huelekea kubaki; nikakiweka nyuzi 20 hivi. Kesho yake baada ya kuchavusha nilinyunyizia masuke jibereliki asidi, homoni ya ukuaji wa mimea.

Lakini kilichookoa kazi hasa ni kutosubiri mbegu ikomae. Siku ya 14 nilivitoa viinitete, vidogo kama chembe ya chumvi, nikavilisha kwenye jeli ya virutubisho, gizani hadi vikachipua. Miche ilikuwa na kromosomu 7 za shayiri badala ya 14, kwani za bulbosum zilikwisha kutupwa. Kolkisini, kemikali ya kurudufu kromosomu, ikazifanya 14.