Oili ikimwagika kwenye saruji, weka ndoo ya maji kando kwanza

Saruji ina vitundu vidogo visivyoonekana, na oili ya injini huzama humo jinsi mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Ukikimbilia maji, doa linatanuka, na oili nyingine inateremka mtaroni hadi Mto Nairobi.

Anza bila maji. Bonyeza matambara juu ya oili bila kusugua, kisha mwaga vumbi la mbao, unene wa sentimita moja au mbili. Mafundi wa fanicha kando ya Ngong Road wanalo kwa magunia. Maranda hayafai, ni manene mno. Usilimwage ukaenda zako: likanyage kwa soli ya kiatu kikuukuu hadi liwe jeusi kama majani ya chai yaliyolowa. Fagia, weka jingine, liache usiku kucha.

Sasa ndipo sabuni. Nyunyiza sabuni ya unga, ongeza maji moto kidogo iwe uji mzito, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki, uache dakika 20 bila kukauka. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu, ukabaki na madoa mapya ya hudhurungi. Maji machafu yanyonye kwa vumbi jingine la mbao, usiyasukume getini.

Doa la miezi halisikii sabuni. Changanya unga wa chokaa na tina (kiyeyushi cha rangi) hadi ushikamane kama plasta, paka sentimita moja, funika kwa nailoni saa 24. Funua, uache ukauke, kwangua. Mara nyingi hurudiwa mara mbili au tatu. Vaa glavu, fungua milango, na jiko au sigara visikaribie. Petroli usiiguse kabisa. Asidi nayo haiyeyushi oili. Inakula saruji tu na kuacha sakafu imekwaruzika.

Haya yote ni bure gari likiendelea kudondosha. Tandika kadibodi chini yake usiku. Asubuhi tone litakuonyesha pa kutazama. Anza na nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini: washa yake (kile kipete cha kuzibia) ikirudiwa kila sevisi, huvuja.

Ukitaka kupaka rangi sakafu, dondosha maji palipokuwa na doa. Yakisimama kama shanga, oili ingali ndani na rangi itabambuka. Yakinywewa, paka.