Kuchagua matairi ya pikipiki kwa barabara za Tabora

Mvua za kwanza za Novemba huikuta lami ya Tabora ikiwa imekaa kiangazi kizima bila kuoshwa, imejaa vumbi na matone ya oili, na huzikuta pikipiki nyingi zikiwa na matairi yaliyolika tangu Mei. Ndipo maduka ya vipuri hujaa wateja, na ndipo mtu hununua tairi lolote linaloingia kwenye rimu yake kwa sababu saizi aliyoitaka imekwisha. Kwa hiyo mimi hupenda kulimaliza suala hili Oktoba, wakati muuzaji bado ana nafasi ya kushusha matairi matatu au manne na kuniacha niyageuzegeuze nisome maandishi yake.

Pikipiki yangu ni Boxer ya Bajaj yenye cc 150, ya kawaida kabisa. Siku za kazi huzunguka nayo mjini, kutoka Isevya kwenda sokoni na kurudi, na mwisho wa wiki nyingi huenda Sikonge na mbele hadi upande wa Ipole, ambako nina mizinga ya nyuki. Nikihesabu kilomita kwa haki, sehemu kubwa ni lami. Iliyobaki ni njia za msituni zenye kichanga, na vipande vichache vya mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi, ambavyo wakati wa masika havipitiki vizuri kwa tairi la aina yoyote. Nayaeleza haya kwa sababu swali la tairi gani ni zuri halina jibu mpaka kwanza mtu aseme anapita wapi na anabeba nini. Wengi huanza na sura ya kashata, yaani yale meno ya mpira yanayogusa barabara, nami naona huko ni kuanzia mwisho.

Mimi huanza na uzito. Tairi la nyuma la pikipiki kama yangu huandikwa ubavuni 3.00-17, na la mbele 2.75-17. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, yaani milimita 76 hivi kwa lile la nyuma, na 17 ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Baada ya saizi hufuata maandishi ambayo watu wachache huyatazama, kwa mfano 6PR na 50P. Hiyo 50 si kilo hamsini. Ni namba ya jedwali la kimataifa, na maana yake ni kwamba tairi hilo linabeba hadi kilo 190; lenye 45 linabeba kilo 165. Herufi P inaonyesha mwendo wa juu wa kilomita 150 kwa saa, ambao pikipiki yangu haitaufikia hata ikiteremka mlima, kwa hiyo herufi hiyo siipi uzito sana. Kuhusu PR, zamani ilihesabu tabaka za nyuzi zilizomo ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, na 6PR haimaanishi kwamba ukilipasua utakuta tabaka sita.

Sasa chukua asali. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hukaribia kilo 28, na ndoo mbili zilizofungwa kwenye keria ni kilo 56 ambazo karibu zote zinakaa nyuma ya ekseli ya nyuma au juu yake. Ongeza mwendeshaji mwenyewe, ambaye sehemu kubwa ya uzito wake pia iko nyuma, kisha ongeza na sehemu ya uzito wa chombo. Ukijumlisha, utaona kwamba tofauti ya kilo 25 kati ya tairi la 45 na la 50 si ya kupuuza, hasa kwa anayebeba gunia la mahindi au abiria wawili, ingawa hao wawili sheria haiwaruhusu. Tena kilo hizo 190 huhesabiwa tairi likiwa na upepo uliopangwa na mtengenezaji. Likiwa na upepo pungufu, ubavu hukunjika na kunyooka katika kila mzunguko, mpira hupata joto, na joto hilo, juu ya lile la lami ya Oktoba saa nane mchana, ndilo linaloachanisha nyuzi na mpira. Bodaboda wengi husema tairi fulani ni bovu kwa sababu limetoka uvimbe ubavuni, kumbe tangu lifungwe lilikuwa likitembea na nusu ya upepo wake.

Baada ya uzito ndipo ninafika kwenye kashata. Vijana wa kijiweni kwetu wanapenda kashata kubwa zilizoachana, mbele na nyuma, na ni kweli kwamba zinaipa pikipiki sura ya kiume. Kwenye kichanga tairi la nyuma la namna hiyo linasaidia, kwa sababu kila jino linachota mchanga na kuusukuma nyuma. Lakini kwenye lami hali ni nyingine: mpira unaogusa barabara ni mdogo, meno marefu yanayumba yakibanwa na breki, na mvua ikinyesha mtu huhisi gurudumu likisita kidogo kabla ya kushika. Huisha upesi pia, na huanza kuisha katikati, hivi kwamba baada ya muda tairi linakuwa bapa na pikipiki inaanza kusitasita kila inapolala kuingia konani. Kwenye mbuga, ambako watu hudhani ndiko kashata zinakotawala, udongo mweusi hujaa kati ya meno mpaka tairi linakuwa duara moja la tope, kisha hukwama kwenye madigadi.

Kwa hiyo nyuma mimi huchagua tairi la mchanganyiko: katikati lina vipande vikubwa vilivyokaribiana, na pembeni mifereji imefunguka zaidi. Mbele hununua lile lenye mistari inayozunguka tairi zima, ambalo hufanana na yale ambayo pikipiki nyingi za kazi kutoka India hutoka nayo kiwandani. Mistari hiyo inashika uelekeo vizuri na kutoa maji njiani, na kwa kuwa ukifunga breki uzito unakwenda mbele, tairi la mbele ndilo linalosimamisha chombo zaidi. Siwezi kuelewa kwa nini watu hutafuta tairi bora la nyuma kwa bidii, halafu mbele wakaacha lililobaki na milimita moja ya mpira. Hata hivyo, anayekaa ndani kabisa, kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo au Kaliua, ambaye lami anaiona siku ya kuja mjini tu, sitabishana naye akifunga kashata nyuma. Mbele ningemwomba afikirie mara mbili.

Kuna jambo lingine ambalo limekuwa mtindo, nalo ni kupanua tairi la nyuma. Mtu anatoa 3.00-17 anaweka 100/90-17, akiamini kwamba nene zaidi ni salama zaidi. Katika maandishi ya namna hii 100 ni upana kwa milimita, na 90 ni asilimia, kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo. Tatizo ni rimu. Rimu za pikipiki zetu ni nyembamba, na upana wake umegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa mfano 1.85 x 17. Tairi pana likibanwa humo hujikunja na kuwa na mgongo wa duara kali, hivyo sehemu inayogusa barabara haiongezeki kama mnunuzi alivyotarajia. Linaweza pia kuukwaruza mnyororo au kifuniko chake likibeba mzigo. Zaidi ya hayo, kipenyo kinaongezeka kwa sentimita mbili au tatu, kwa hiyo injini inavuta kwa shida zaidi ikitoka imesimama, na dereva hataona chochote kwenye mita ya spidi, kwa kuwa katika pikipiki nyingi za aina hii waya wa mita huchukua mzunguko kutoka gurudumu la mbele.

Umri wa tairi nao husomwa ubavuni. Tafuta namba nne zilizozungushiwa umbo kama la yai, mara nyingi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3224 lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2024, yaani Agosti. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na huzeeka haraka zaidi ukining'inizwa nje ya duka kama pambo, maana jua na ozoni ya hewani huukausha. Kwa sababu hiyo lile lililoning'inia mlangoni silichukui hata nikipunguziwa bei. Humwomba muuzaji aniletee la ndani, kisha hulikunja kwa mikono miwili na kutazama chini ya mifereji. Nikiona nyufa nyembamba kama nywele, hulirudisha.

Tairi kipara lililochongwa upya linahitaji onyo la peke yake. Kuna watu wanaochukua kisu cha moto na kukata mifereji mipya kwenye mpira uliobaki, na kazi ikifanywa kwa ustadi mnunuzi asiye makini hudanganyika kwa urahisi. Mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba, na kila mfereji unaokatwa unaupunguza tena. Njia ya kulitambua ni kutafuta alama za ukomo: ndani ya mifereji ya tairi la kiwandani kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni huonyeshwa kwa herufi TWI au kwa pembetatu ndogo. Mpira ukishuka ukawa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Lililochongwa halina vinundu hivyo, au linavyo vimekatwa vipande vipande.

Kufunga ni kazi ya fundi, lakini mimi husimama pale pale. Tairi jipya huliwekea tyubu mpya ya saizi yake, kwa sababu ya zamani imekwishavutika na ikiingizwa tena hujikunja mahali na kupasukia hapo. Rimu ya spoki haiwezi kukaa bila tyubu hata kama tairi limeandikwa kwamba halihitaji, maana upepo utatokea kwenye vichwa vya spoki. Na vichwa hivyo vifunikwe na ule utepe wa mpira, kwani ukikosekana, tyubu itatobolewa kutokea ndani na mwenye pikipiki atailaumu miiba. Kisha natazama mshale wa mzunguko. Baadhi ya matairi huwa na mishale miwili, mmoja ukionyesha uelekeo likifungwa mbele na mwingine likifungwa nyuma, na fundi mwenye haraka huufuata ule anaouona kwanza. Nukta ya rangi, kama ipo, huonyesha sehemu nyepesi ya tairi na hukaa jirani na nozeli. Ukingo wa tairi upakwe maji ya sabuni, usipakwe grisi wala oili. Upepo ukishaingia, uzungushe gurudumu taratibu ukiufuata kwa macho ule mstari mwembamba wa mpira ulio juu kidogo ya rimu: uwe na umbali uleule pande zote. Ukizama mahali, tairi halijakaa, na pikipiki itadundadunda hadi siku utakayolitoa.

Kwa pikipiki za kazi za Bajaj maelekezo ya kawaida ni upepo wa psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukiwa na abiria. Anayetumia chombo kingine asome kitabu chake. Upimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo, si kwa kulipiga teke. Nikiwa na ndoo za asali hutumia ile ya abiria. Katika kilomita 150 za mwanzo sifungi breki ghafla wala silali sana konani, kwa kuwa tairi jipya lina uso laini uliotoka kwenye kalibu na unahitaji kukwanguliwa na barabara kwanza.

Tyubu ya zamani naichana kuwa mipira ya kufungia mizigo, na hakuna kamba ya dukani inayoishinda kwa ndoo. Tairi la zamani siliachi kwa fundi likiwa zima. Namwomba alikate ukingo mbele yangu kabla sijaondoka, kisha anayetaka kushona katambuga alichukue, kwa sababu nikiliacha zima huenda wiki ijayo likawa limechongwa na limening'inizwa mahali likisubiri mnunuzi.