Siku ya kuvua Rutamba: angalia mkia kabla hujamtia ndooni

Mimi ni mtu wa bahari. Mikindani nimezaliwa na Mikindani ndo nimejifunza kuvua kwa mshipi, kwa hiyo uvuvi wangu wote unaanza na bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na siku za maji madogo, unaangalia mwezi, unajua kesho maji yanatoka saa ngapi, unapanga. Sasa uambiwe twende ziwani, maji hayapwi wala hayajai, yapo palepale asubuhi mpaka jioni! Kiukweli nlikuwa najiuliza sana huyo samaki wa ziwani anajuaje saa ya kula.

Hamu yenyewe ilinianzia kwenye simu. Nawafuatilia sana Wamarekani wanaovua besi, yule samaki wa maji baridi wa kijanikijani mwenye mdomo mkubwa, anajibanza kwenye kivuli cha gogo au chini ya magugu anasubiri kitu kipite akirukie. Wanamvua kwa vyambo vya bandia, vya mpira na vya plastiki, rangi zote. Ila kinachonivuta mimi ni vile wanavyofika kwenye ziwa wasilolijua halafu kabla ya kurusha chochote wanakaa kwanza wanaliangalia, upepo unatokea wapi, magugu yameanzia wapi, kina kinaingia ghafla au polepole. Huku kwetu besi hayupo. Yupo Naivasha, Kenya, na kule nako ni mgeni, alipelekwa kutoka Marekani mwaka 1929. Lakini maziwa madogo tunayo, Lindi hapo ndani yapo kadhaa, na sisi watu wa pwani wengi wetu tunazeeka hatujayatia hata mguu.

Basi nina shemeji yangu anaishi Rutamba, hukohuko Lindi kwenye ziwa, kila tukiongea ananiambia shem njoo na hiyo fimbo yako huku kuna perege. Mwezi wa nane nikapata nafasi. Nikatoka Mtwara jana yake mchana, Mingoyo, Lindi mjini, nikalala, alfajiri shemeji akanipitia na pikipiki. Tukapita Ngongo pale kwenye viwanja vya Nanenane halafu tukaingia ndani, vumbi, kusi linapuliza na lina baridi yake, mikorosho imeshaanza kutoa maua ile harufu unaisikia hata ukiwa umefunga shuka usoni. Njiani tulisimama tukanunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama mmoja, tukala palepale tumesimama. Asiyejua ming'oko aje kusini kipindi cha kiangazi, mi siwezi kumwelezea akaelewa.

Ziwa lenyewe dogo, ng'ambo unaiona vizuri, na kwa huku lipo jirani na msitu wa Litipo, kwa hiyo kuna miti mikubwa, kuna ndege wengi, pembeni matete na sehemu zingine mayungiyungi yametanda juu ya maji. Rutamba wazee wanaijua pia kwa habari ya wakimbizi wa Msumbiji, miaka ya 1960 walipokewa wengi sana pale wakati wa vita ya kumwondoa Mreno, na mpaka leo ukikaa kijiweni hizo habari zinaongelewa.

Hatukwenda moja kwa moja majini. Shemeji alinipeleka kwanza kwa wahusika pale kijijini, tukajitambulisha, nikasema nakuja na ndoano tu sina wavu, nikaelekezwa kwa babu mmoja ambaye kavua hapo tangu ujana wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetokea wapi?"

"Mikindani."

"Ahaa, maji ya chumvi." Akacheka. "Haya kaa hapa, usikimbilie kusimama kwenye maji."

Swali langu la kwanza likawa mamba na viboko, na hili nalisisitiza kwa yeyote, maji yoyote ya ndani huku kusini uliza kwanza, usitegemee macho yako. Babu akanionyesha sehemu ya kukaa, kwenye gogo juu kidogo ya maji, na akaniambia pale penye matete mengi nisishuke hata kama ndoano imenasa, nikate tu mshipi. Nikafuata.

Halafu akafanya kilekile ninachokiona kwenye vidio za Wamarekani, ila yeye bila simu. Alisimama kimya akaangalia kusi linavyosukuma mawimbi madogo kuja upande wetu, akasema leo kaa huku huku, upepo unaleta chakula. Perege anakula vitu vidogovidogo vya majini, mwani na uchafu unaoelea, upepo ukipiga upande mmoja muda mrefu vile vitu vinasogea huko na yeye anasogea. Akanionyesha na kitu kingine ambacho mwenyewe nisingekiona: kwenye maji mafupi, chini kwenye mchanga, kuna visahani vya duara, vingi, vimepangana. Vile vinachimbwa na madume ya perege, ndo sehemu wanazoitia majike. Ukiviona vimesafishwa vizuri ujue mwenyewe yupo karibu, analinda.

Zana zangu za bahari karibu zote zilibaki kwenye begi. Rili ilitumika ila na mshipi mwembamba kabisa, ndoano ndogo, chubwi ya kuzamishia hamna, na boya nililokatiwa na babu kutoka kwenye kandambili iliyochakaa, kipande cha ukubwa wa korosho. Chambo ni nyungunyungu aliowachimba mjukuu wake mwingine chini ya migomba, pamoja na ugali wa muhogo umefinyangwa mgumu usitoke haraka. Ndoano inashuka kama futi mbili tatu, basi. Baharini hiyo ni kama hujavua kabisa!

Perege hali kama samaki wa kwetu. Changu akikupiga unajua umepigwa. Perege boya linatetemeka kidogo, linaacha, linatetemeka tena, unaona kama ni upepo, halafu linaanza kutembea kwa pembeni bila kuzama, na ukivuta kwenye kutetemeka humpati, vuta kwenye kutembea. Nilivyomnyanyua wa kwanza, mpana, ubapa, miba ya mgongoni imesimama yote, nikamshika kwa kulaza ile miba kuanzia kichwani kurudi nyuma nikawa nataka kumtia ndooni. Babu akasema lete. Akamfungua mkia kwa vidole viwili kama mtu anayefungua feni ya mkononi, akaangalia, akaniambia huyu wa kuja. Nikaona kweli, mkia una mistari ya kusimama, myembamba, imejipanga toka juu mpaka chini. Baadae nikapata mwingine mdogo wake kidogo, mkia hauna ile mistari, babu akasema huyu sasa ndo wa hapa.

Hapo ndo moyo wangu ulipokaa siku nzima. Mana habari hii niliwahi kuisoma na sikutegemea kuishika mkononi. Kati ya 2013 na 2016 watafiti wa samaki waligundua kwamba kwenye maziwa ya huku Lindi, yaani Rutamba, Nambawala na Mitupa, wapo perege wa aina ya Korogwe, ambao jamaa zao wengine wanajulikana kule kaskazini Tanga, mto Zigi na bwawa la Mlingano. Katikati hapo ni mamia ya kilomita. Na walivyowapima vinasaba wakakuta hawa wa kusini wana utofauti wao, wamekaa peke yao muda mrefu. Na wakakuta pia sato, yule mkubwa wa kufugwa ambaye asili yake sio huku, ameshaingia na anazaa nao, machotara wamepatikana kwenye maziwa yote matatu. Ile mistari ya kusimama kwenye mkia ni alama ya sato. Ila chotara anaweza kukuchanganya, mkia unakuwa nusunusu, na nilipata mmoja wa hivyo babu mwenyewe alimgeuza mara mbili akamrudisha kwangu hajasema kitu.

Mi simlaumu mtu anayefuga sato, anakua haraka, analisha watu. Ninachosema ni kwamba vifaranga visimwagwe kwenye maziwa haya, na bwawa la kufugia lisichimbwe mahali ambapo masika maji yanafurika mpaka ziwani. Bahari ni kubwa na mkondo unaleta wengine. Ziwa la namna hii unazunguka kwa miguu, huyo perege akichanganyika akaisha hakuna mahali utakapokwenda kumchukua mwingine.

Saa nne hivi vijana wawili walirudi na mtumbwi, wametega nyavu usiku. Nikaenda kuangalia. Chini ya mtumbwi kwenye maji yaliyoingia kulikuwa na vitu kama punje za mtama, njano iliyoiva, nyingi, nikauliza ni nini. Mayai. Perege jike anatotolea mdomoni, akishataga anayakusanya yote anayabeba humo mpaka vifaranga viweze kuogelea, akinaswa kwenye wavu anahangaika anayatema. Babu akaniambia jike akiwa na mayai hali, kwa hiyo ndoano humpati, anapita tu pembeni ya chambo. Aisee nilikaa nikalifikiria hilo. Wavu unambeba mama na watoto wote, ndoano inamwacha aende zake. Na hapo tunaongelea wavu wa macho mapana, ukija kwenye kokoro, ule wavu wa kukokota ambao umekatazwa maziwani, au watu wanaovua na chandarua, ndo usiseme, vinabebwa hadi vifaranga vya juzi. Sisi pwani tumeona baruti ilichofanya kwenye miamba yetu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jua lilipopanda samaki wakaacha. Tukala chini ya mwembe, perege wa kuchemsha na ndimu na ugali wa muhogo, shemu akawa ananisubiri niseme. Nyama yake laini, haina ile ladha ya chumvi ya ndani tuliyozoea, lazima uiongezee vitu. Na mchuzi wake mzuri kuliko wa kukaanga, hapo sibishani na mtu.

Jioni tukabadilisha, chambo kikawa nyama ya utumbo wa kuku na ndoano ikashushwa mpaka chini kabisa, tunamtafuta kambale. Huyu hana mambo ya kutetemeka. Boya lilizama mara moja na fimbo ikapinda, na nusura nishuke kwenye gogo, babu akaniita kwa ukali, "Kaa!" Nikakaa. Alivyotoka ni mweusi, utelezi mtupu, sharubu ndefu kila upande, na ukimshika jihadhari na ule mwiba wa pezi la ubavuni, babu alimkamata kwa kupitisha vidole nyuma ya hiyo miba akamdhibiti. Kambale ana namna yake ya kuvuta hewa ya juu, ndo mana tulimfikisha nyumbani usiku kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, anapumua, ananiangalia.

Wenye mistari mkiani niliwachukua wote. Wale wa hapa tuliowapata baada ya yule wa kwanza niliwarudisha majini, vijana wakashangaa, babu hakushangaa. Nilimwachia mshipi wangu wa akiba na pakiti ya ndoano ndogo, akaniambia kaskazi likianza kuvuma samaki wanahamia upande ule wa pili na nikija nije mapema zaidi. Na Nambawala amesema atanipeleka mwenyewe, kwa hiyo sasa hivi natafuta ndoano ndogo kuliko hizi na mtu wa kuniazima pikipiki.