Mikono iliyopona na mwenzangu aliyeondoka

Huu ni mwezi wa tatu tangu roboti ya kukaangia iwekwe katika jiko ninalofanyia kazi, na sina budi kukiri kwamba mikono yangu imepona. Makovu ya mafuta ya moto, yaliyokuwa yamenijaa hadi kwenye viwiko, yanafifia, kwa sababu sasa ni mkono wa chuma unaotumbukiza kikapu na kukitoa kwa sekunde zilizopangwa. Kwa hilo nashukuru kwa dhati.

Hata hivyo, mwenzangu niliyesimama naye bega kwa bega mbele ya mafuta yale hayupo tena kazini, na hakuna aliyetuuliza neno kabla ya uamuzi huo. Hapo ndipo ninapoumia. Yeye ndiye aliyenifundisha kutambua, kwa kusikiliza tu mlio wa mafuta unavyopungua, kwamba chakula kimeiva.

Mwaka 2015, katika maonyesho ya viwanda ya Hannover nchini Ujerumani, kampuni ya Moley Robotics ilionyesha mikono ya roboti iliyopika kwa kuiga mienendo ya mpishi Tim Anderson, iliyokuwa imerekodiwa. Mpishi mwenye jina anaweza kudai mkataba. Je, sisi tusiojulikana tutalipwa nini ujuzi wetu utakapogeuzwa kuwa programu? Nimemwandikia meneja swali hilo, nikamwomba pia amrudishe mwenzangu aisimamie mashine, kwani kuisafisha na kuonja chumvi bado kunahitaji mtu.