Kazi yangu ni kuhesabu vichwa: siku moja kwenye majabali ya Magu

Ukisema hapa Mwanza kwamba unalipwa kuwatembeza watu kwenye mawe, lazima mtu acheke. Jiji lenyewe linaitwa Jiji la Miamba. Igogo, Mabatini, Isamilo, kote nyumba zimeegemea majabali, watu wanaanika nguo juu yake na watoto wanayatelezea wakitoka shule. Nani tena alipie mawe? Jumamosi iliyopita walilipia watu 23, wafanyakazi wa ofisi moja ya mjini.

Saa kumi usiku. Naamka, chai ya rangi na kiporo cha wali. Mkoba niliupanga jana: filimbi, kamba, bandeji, plasta, glukosi, tochi, khanga kuukuu mbili. Khanga ina kazi nyingi, inafunga mkono ulioteguka na inamsitiri mama aliyechanika suruali.

Saa kumi na mbili asubuhi, Buzuruga. Kosta imefika, dereva anafuta vioo, wateja wanakuja wawili wawili na vifuko vya maandazi. Hadi saa kumi na mbili na nusu wamefika 22.

Wa 23 ndiye siku yenyewe. Jina lake nalihifadhi, nitamwita Kofia. Nampigia simu, ananiambia, "Niko Mabatini hapa, dakika tano." Nyuma ya sauti yake nasikia maji yanamwagika kwenye beseni. Saa moja kasorobo nampigia tena, sasa yuko Mabatini kweli, lakini "foleni, dada". Foleni ya Jumamosi alfajiri! Wenzake wanaguna, dereva anawasha injini na kuizima, mimi natabasamu maana kutabasamu kumo kwenye bei. Saa moja na dakika ishirini anashuka kwenye bodaboda: shati la mikono mirefu limepigwa pasi, kofia pana ya kaki, na miguuni viatu vyeusi vya ngozi, soli laini kabisa.

"Bosi," nikamwambia, "kwenye ujumbe niliandika raba."

"Dada yangu, mimi nimezaliwa Igogo. Mawe hayanitishi."

Halafu, kabla hata hajakaa, akaanza la bei. Elfu thelathini na tano kuona mawe? Jiwe la Bismarck si analiona bure kila akienda kupanda kivuko Kamanga? Nikamweleza kwamba humo kuna kosta, maji, chakula cha mchana na mchango wa kijiji. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajasema sawa.

Nyakato, Igoma, Kisesa. Mmoja akauliza kama tutapita Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, nikamwambia hiyo ni safari ya siku nyingine. Mbele kidogo tukaacha lami.

Saa tatu. Kijijini hatuanzi kutembea hovyo. Kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kitabu cha wageni, mchango mezani. Kisha kwa mzee mmoja ambaye mashamba yake yanapakana na majabali. "Mwangaluka," nikamwamkia nikiwa nimepiga goti, na kundi zima likajaribu kuitikia, likachanganya. Mzee akacheka. Akatuonyesha jabali moja lenye mti wa mkuyu ubavuni, pale watu wa ukoo fulani hufanya matambiko. Tusipande, tusipige picha. Nikarudia mbele ya wote, polepole, nikimwangalia Kofia.

Hapo ndipo ninapoeleza kanuni zangu. Mimi mbele, kijana wangu wa mkia nyuma, hakuna mtu kumpita yeyote kati yetu. Mkono usiingie kwenye ufa usioona ndani, maana nyufa zina wenyewe: nyuki na nyoka. Filimbi moja simama, filimbi mbili rudi. Na kila kituo nahesabu vichwa. Watu hudhani kazi hii ni kujua njia. Njia hata mbuzi wa pale wanaijua. Mimi nalipwa kuondoka na 23 na kurudi na 23.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kiangazi, upepo wa ziwa bado baridi, njia inapita kwenye mashamba ya mihogo yenye mawe katikati kama kawaida ya Usukumani. Mijusi ya vichwa vyekundu ilikuwa inaota jua na kupiga pushapu. Pimbi wawili walituchungulia wakapotea. Nikawaonyesha ile michirizi myeupe inayoshuka kwenye jabali, kila mtu akidhani ni chokaa, ni mkojo wa pimbi wa miaka na miaka. Waliokuwa wameegemea wakaruka.

Tulipofika kwenye mawe yaliyopandana, lile la juu kubwa kuliko kosta na limekalia sehemu ndogo tu, likaja swali ambalo huja kila safari: nani aliyapanga? Hapa huwa nafurahi. Hakuna aliyeyapanga. Ni graniti, iliganda chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ikapasuka mistari ya kusimama na ya kulala, ikawa mapande mapande bado ikiwa imefukiwa. Maji yakapenya kwenye mipasuko. Pembe hushambuliwa pande zote kwa pamoja, kwa hiyo ndizo zilizooza kwanza, kiini kikabaki duara. Mvua ilipoubeba udongo, viini vikabaki pale pale vilipokuwa, kimoja juu ya kingine. Hadi leo yanabambuka maganda kama kitunguu, nikawaonyesha gamba moja limeachia, unaweza kupitisha kiganja chini yake. Na ziwa? Ziwa ni la juzi, lina kama miaka 400,000, tena miaka elfu kumi na tano na ushee iliyopita lilikauka kabisa. Mawe yalikuwepo, maji hayakuwepo.

Kimya kizuri kikatokea. Kofia akakivunja: "Kwa hiyo tumelipia kitu kilichokuwepo bure miaka bilioni mbili na nusu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ilikuwa ya kuchekesha, lazima nikubali.

Juu kidogo Ghuba ya Speke ikafunguka yote, maji ya fedha na mitumbwi michache. Nikawaeleza kwamba huyo Speke, msafiri Mwingereza, alifika Mwanza Agosti 1858. Kofia: "Na yeye alitozwa elfu thelathini na tano?" Nikamjibu kwamba wasafiri wa misafara ile walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi njiani, vitambaa na shanga, na mtemi asiporidhika wanakaa hapo hapo hata siku kadhaa. Tena bila chakula cha mchana. Hapo nilishangiliwa mimi.

Saa tano na nusu hivi. Tukampita mama anayeponda kokoto chini ya turubai. Mkono mmoja nyundo, mwingine ameshika pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, jiwe linakaa ndani ya pete ili vipande visimrukie machoni. Nyuma yake jabali limechomwa moto hadi limepasuka. Hilo jabali lilikuwa alama yangu ya kupinda kushoto, sasa limebaki nusu. Wateja wengine walinong'ona kwamba serikali ingezuia. Mimi sisemi kitu mbele ya mtu anayetafuta ada ya watoto wake kwa debe. Nilimsalimia, tukaulizana habari za nyumbani, nikatafuta alama nyingine.

Kituo kilichofuata nikahesabu. Ishirini. Nikahesabu tena kwa kuwagusa mabega. Ishirini.

Kijana wa mkia alikuwa amesimama kumfunga dada mmoja plasta kisiginoni, na katika dakika hizo Kofia akaona uwazi kati ya mawe mawili, akawaambia mabinti wawili wa ofisini kwao kwamba yeye anajua njia ya mkato. Filimbi mbili. Kimya. Filimbi mbili tena, halafu sauti kutoka juu, mbali, nyembamba: "Tuko huku!"

Niliwakalisha wale ishirini kivulini, nikamwachia kijana amri asinyanyuke mtu hata kwenda haja, nikazunguka jabali. Walikuwa juu ya bapa moja refu, mgongo umeinama kuelekea kwetu. Kupanda walipanda vizuri, maana ukipanda unaona unaposhika. Kushuka miguu ndiyo inatangulia na macho yanabaki nyuma. Mabinti walishaketi wameshikana mikono. Kofia amesimama, amejishika kiuno, anajifanya anaangalia mandhari.

Nikapanda kwa ubavu wa pili. Mabinti waliteremka mmoja mmoja, uso kwenye jiwe, kamba kiunoni, mimi juu nimekaza miguu nyuma ya kigingi cha mwamba, nawatajia pa kukanyaga. Dakika kama ishirini. Kisha zamu ya Bosi.

Soli ikateleza hatua ya kwanza. Nikamwambia avue viatu. Hataki. Nikamwambia watoto wa kijiji hiki wanashuka hapa pekupeku na ndoo kichwani. Akavua, akaning'iniza shingoni kwa kamba zake, akakanyaga. Jiwe la saa sita mchana! "Dada, linaniunguza!" Linaunguza, ndiyo, lakini halitelezi, ile chenga chenga ya graniti inashika ngozi kuliko soli laini kama ile. "Mguu wa kushoto chini kidogo. Bado. Bado kidogo. Hapo, kuna kishimo, weka vidole." Jasho lake lilikuwa linadondoka kwenye jiwe na kukauka naliona. Katikati akataka kugeuka aangalie chini, nikamkemea kwa sauti ambayo siitumii kwa watu wanaonizidi umri. Akatulia. Ndipo upepo ukaichukua kofia, ikabingirika, ikaingia kwenye ufa.

Akafika chini, akapumua, neno lake la kwanza: "Kofia yangu."

Nikamulika tochi. Iko kina cha mkono mzima na ushee, juu ya rundo la mavi ya pimbi, na nyuma yake giza. Nikamwambia mkono wangu hauingii humo na wa kwake pia hauingii. Akasema ni kazi yangu, nimelipwa. Nikamwambia nimelipwa kumrudisha yeye, na yeye huyu hapa.

Baada ya hapo sikumbuki sana saa. Tulichelewa chakula, ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha na mlenda, mama aliyepika amenuna kwa kuwa umepoa, ni haki yake. Watu walikula kimya kwa njaa. Yule dada wa plasta alihitaji bega langu hadi kwenye kosta, kilo zake na zangu, jua la kisogoni. Nilihesabu mlangoni, 23, nikahesabu tena wakiwa wamekaa, 23, dereva akasema mara ya tatu ananitoza. Kisesa nilisinzia, Igoma nikaamshwa na foleni, safari hii ya kweli.

Dereva alidai nyongeza ya saa mbili za kusubiri. Kijana wa mkia nikamtumia zake kwenye simu. Nikiondoa kodi ya kosta, chakula na mchango, kilichobaki kinalipa wiki yangu ila hakilipi viatu vipya, na hivi vimefunguka mbele.

Saa nne usiku, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, simu ikalia. Kofia. Ile kofia ilinunuliwa elfu arobaini, anaomba imalizwe kwa punguzo: mwezi ujao anataka kuleta shemeji zake tisa.

Nimempigia hesabu ya watu kumi, bei ile ile, na chini nimeandika RABA kwa herufi kubwa.