Rungu chafu ndo lenye hela

Wadau wa Louisville na kwingineko Marekani, naona wikiendi wabongo, waKongo na waRundi tumekuwa wazoefu wa kuzungukia nyumba zinazouza vitu vya zamani uani, halafu napigwa meseji na picha ya rungu la besiboli, "kaka cheki limeandikwa Babe Ruth, si tumetoka hapo?" Hamjatoka jamani. Hilo jina la huyo nguli wa besiboli wa zamani linachomwa kiwandani, na kiwanda chenyewe si kiko hapahapa Main Street, pale penye rungu la futi 120 limeegemea jengo, wamekuwa wanauza marungu ya majina tangu mchezaji Honus Wagner awape sahihi yake 1905. Mengi waliuziwa watoto madukani. Geuza kitako (ncha ya mpini), ukikuta namba ya urefu tupu, 33 au 34, mara nyingi hilo ni la dukani.

Mimi nafanya kazi kwa mzee mmoja mnunuzi wa vitu vya michezo, huyo jina analiangalia mwisho kabisa. Anaanza na uchafu, maana ndo dalili kwamba mchezaji alilitumia kweli kwenye mechi. Analizungusha polepole chini ya taa anatafuta mshono wa mpira uliojichora kwenye mbao, kama mkeka unavyobaki shavuni kwa mtu aliyelala, kisha wino wa mhuri wa mpira, rangi iliyoganda toka kwenye raki ya kupangia marungu, na vishimo vya njumu maana wengine hugonga rungu kwenye kiatu kutoa udongo. Na alama zikae upande unaoeleweka, mbao ya ash hupigiwa ubavuni, robo mzunguko toka kwenye nembo ya kiwanda, zikitapakaa kila upande ujue kuna mtu kalipiga mawe uani kwake.

Halafu kuna tabia za mchezaji mwenyewe. Derek Jeter, aliyevaa jezi namba 2, alitumia modeli P72 miaka yote, sasa wewe niletee modeli nyingine na 2 ya makapeni kitakoni uone nitakavyokuhoji. Mchezaji George Brett hakuvaa glavu, alilipaka rungu ile lami ya msonobari inayonata ili lisiteleze, mpaka Julai 1983 pale Yankee Stadium wakamfutia home run (pigo la kumzungusha mpigaji vituo vyote) kwa vile lami imevuka inchi 18 toka kitakoni, akatoka benchi anafoka hatari (baadae wakamrudishia). Rungu lake likiwa safi linatia shaka. Ruth naye 1927 kuna moja alilichonga vialama kuzunguka nembo, kimoja kwa kila home run, viko 21, lipo makumbusho ya hapo kiwandani, kiingilio si bure ila nendeni.

Kinachomfanya mzee akae kitini ni maandishi ya penseli. Zamani mchezaji akilipenda rungu analirudisha kiwandani wamtengenezee mengine, na fundi anaandika ubavuni jina, mji na tarehe. Sasa mtu anaokota kitu kama hicho anakipiga msasa na vanishi eti king'ae! Inauma.

Ya siku hizi ni rahisi, yana stika ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, mpango ulioanza 2001 baada ya FBI kukamata watu wa sahihi feki. Namba ya stika unaiingiza kwenye tovuti yao, ikikuletea jezi wakati umeshika rungu, mrudishie mwenye nalo na uondoke hapo.